UMRI WA NDOA: HUKUMU ISIISHIE KABATINI

Mtu akisimama kwenye ukingo wa Mto Songwe, pale Kasumulu wilayani Kyela, huiona Malawi ng'ambo. Watu wa pande hizo mbili hulima mpunga, husikilizana kwa lugha na huoana. Lakini katika jambo moja zito sheria za nchi hizi zilikwenda njia mbili.

Mwaka 2015 Malawi ilitunga sheria iliyoweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, na mwaka 2017 ikarekebisha Katiba ili kuuziba mwanya ulioruhusu mtoto wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandika kwamba mwanamume aoe akiwa na miaka 18, bali msichana aolewe akiwa na miaka 15. Na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata akiwa na miaka 14.

Hatuibezi sheria hiyo. Iliziweka ndoa za dini, za mila na za kiserikali chini ya paa moja, na ikamtambua mke kuwa mwenye haki ya kumiliki mali yake. Lakini jengo zuri likiwa na ufa, wenye nyumba hawana budi kuuziba.

Ufa huo ulioneshwa na Mahakama Kuu tarehe 8 Julai, 2016, katika shauri lililofunguliwa na Ndugu Rebeca Gyumi. Mahakama ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita, mingine ikafuata, na maneno ya 1971 yakabaki kitabuni. Wajibu wa Bunge umekwisha kutamkwa na Mahakama; hauhitaji kupambwa na sisi.

Ucheleweshaji kama huo si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani, ambako kila jimbo hutunga sheria yake ya ndoa, ilikuwa mwaka 2018 ndipo majimbo ya Delaware na New Jersey yalipokuwa ya kwanza kuzuia kabisa ndoa za walio chini ya miaka 18.

Lakini leo tunazungumza hasa na watumishi wa umma na walimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Je, yule aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi, akarudi nyumbani Ipinda au Matema kuanika kakao ya baba yake? Jina lake halimo tena katika daftari la mwalimu, na kinga ya mwanafunzi imemwacha. Hapo ndipo ng'ombe wa mahari huanza kuhesabiwa.

Mwalimu anamfahamu binti huyo. Mtendaji wa kijiji anamfahamu. Msajili wa ndoa ataletewa karatasi zake. Asiwepo miongoni mwao wa kusema, "Kitabu kinaruhusu," hali anajua kwamba mahakama ya juu kuliko zote nchini imekubali kuwa kifungu hicho kinavunja Katiba aliyoapa kuilinda. Amuulize mzazi umri wa binti. Aitafute hati ya kuzaliwa. Awaite wazee, kwani mila ya kumlea mtoto ni kongwe kuliko mahari.

Samaki wa Ziwa Nyasa huvuka mpaka bila kubadilika. Mtoto wa miaka 15 naye ni mtoto, awe ng'ambo ya Songwe au upande huu.