Wimbo Si Upuuzi

Wako watu wazima wawaambiao vijana kwamba nyimbo ni upuuzi, na kwamba hekima hukaa vitabuni tu. Kauli hiyo naikataa. Siti binti Saad wa Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuimba, hakujua kusoma. Lakini sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928. Katika wimbo wa "Kijiti" alisimulia jinsi mwuaji alivyotoroka na mashahidi wakafungwa. Kwa maskini, wimbo ulikuwa gazeti. Shaaban Robert, bingwa wa vitabu, aliandika wasifu wa mwimbaji huyo. Basi, msomaji, usione haya kupenda wimbo. Ona haya kuusikiliza bila kuupima.