Mchumba mwenye mkono wa birika

Binti mmoja wa Eldoret ametuuliza: mchumba wake ana duka la nguo mjini, biashara yaenda, lakini juzi alimdai mama mkwe nauli ya matatu aliyomlipia. Je, aivunje posa?

Tutenganishe mambo. Kuweka akiba si ubahili. Kijana akaaye chumba kimoja ili anunue kiwanja, wala hadaiwi na mtu, tungemwozesha binti yetu (nasi tumeishi hivyo). Bahili ni aonaye haki ya mwenziwe kuwa hasara. Abu Sufyan alikuwa mkubwa wa Makureshi, si fukara, hata hivyo mkewe, Hind binti Utba, alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwa ubahili, akaruhusiwa kutwaa katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema.

Lakini Hind alikuwa ameshaolewa. Wewe bado. Muulize mbele ya walii wako: matumizi ya nyumba ni kiasi gani kwa mwezi, na mahari utayapata lini? Usiyapunguze kwa haya. Ni yako, si ya baba yako. Akieleza waziwazi, endeleeni. Akikasirika kwa kuulizwa tu, mrudishieni alichotoa, pamoja na ile nauli.