Hakuna Injini Isiyokufa

Jioni moja nilikuwa kwa kinyozi hapa mjini Bariadi nikingoja zamu yangu, vijana wakibishana mpaka mate yanawaruka. Nilidhani ni mpira. Kumbe ni injini. Mmoja alikuwa upande wa 1HZ, mwingine upande wa 1NZ, na wa tatu alikuwa akimcheka jirani yake aliyenunua Noah ya D4 kana kwamba ameoa jini. Majina hayo waliyataja kwa ufasaha ambao, kama ningaliupata darasani katika hesabu za sehemu, ningalistaafu na furaha zaidi. Hatimaye yule wa 1HZ akanigeukia, akaamkia, akafunga mjadala: "Mwalimu, hiyo chuma haifi."

Nikamwuliza mkanda wake wa taimingi hubadilishwa baada ya kilometa ngapi. Akanijibu kwa huruma, kama mtu anayemsahihisha babu yake, kwamba injini ile haina mkanda, ina cheni.

Ina mkanda, ndugu msomaji. Yenye cheni ni ile 1NZ ya lita moja na nusu iliyomo katika Probox, yaani katika michomoko yetu hii inayopakia abiria wanne kiti cha watu watatu. 1HZ ni injini ya dizeli ya silinda sita, sentimeta za ujazo 4,164, iliyoanza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990, nayo kamshafti yake huzungushwa na mkanda wa mpira. Mkanda ukikatika, pistoni hukutana na valvu, na chuma kisichokufa hufa kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Kiwanda huagiza ubadilishwe kila kilometa laki moja, au laki moja na nusu, kutegemea gari na soko liliuzwa wapi. Kijana anaipenda injini asiyoijua, tena anaipenda kwa sauti kubwa. Ugomvi wangu na wapenzi wa magari unaanzia hapo.

Sikatai sifa za 1HZ. Haina taabo, pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika tupu, haina kompyuta ya kuisumbua. Kutoka katika lita zaidi ya nne inatoa nguvu za farasi kama 130 tu, maana yake haikazwi. Mtu asiyebebeshwa mzigo mzito mgongo wake hudumu. Lakini hebu tuulize jina hili kubwa lilipatikanaje. Magari yenye injini hiyo, katika ukanda wetu huu, hayakuanzia kwa wakulima wa pamba. Yalianzia serikalini, misheni, hospitalini, hifadhini na kwenye miradi. Kila moja lilikuwa na daftari: tarehe, kilometa, oili, filta, sahihi ya dereva. Alikuwapo mhasibu wa kununua filta, na alikuwapo bosi wa kuuliza kwa nini haijanunuliwa. Miaka ishirini injini ilitunzwa na daftari, halafu sisi tukaisifu injini, daftari tukalisahau. Gari likipigwa mnada, mnunuzi hupewa ufunguo na kadi. Daftari hubaki kabatini likiliwa na mchwa. Miaka miwili baadaye utalikuta limekaa juu ya mawe uani kwa mtu, kuku wametaga chini ya usukani, na mwenyewe anaapa kwamba aliuziwa "1HZ feki".

Tuje kwa D4, ile inayotukanwa. Hilo ni jina walilotumia Toyota kwa ufundi wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa. Noah zilizotoka Japani kuanzia mwaka 2001 zilikuja na injini hiyo, tofauti na zile za kabla yake ambazo madereva wetu wanazililia kwa sababu ya injini ya 3S. Ufundi wa D4 unahitaji pampu ya shinikizo kubwa, iliyochongwa kwa vipimo vidogo mno, isiyovumilia uchafu. Sasa kumbukeni mwaka 2010, neno uchakachuaji lilipokuwa midomoni mwa kila Mtanzania. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi, yakachanganywa katika dizeli na petroli, mpaka EWURA wakaanza kutia vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo itoweke. Tuliinywesha taa pampu ya watu, tukasahau hata kubadilisha filta, kisha ilipokufa tukasema Mjapani ametuletea ubovu.

Kwa haki, nikubali jambo moja. Katika injini ya namna hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo haizioshi, na masizi hujijenga humo. Ni udhaifu wa kweli. Anayekaa kijijini mbali na fundi na akachagua Noah ya zamani hakukosea hata kidogo. Ninachokataa ni kufanya uchaguzi huo kuwa ushirikina, kwamba herufi fulani zina baraka na nyingine zina mkosi.

Ushirikina mbaya zaidi uko kwenye giaboksi. Nasikia wanaume wazima wakisema otomatiki ni gari la wanawake, dume huendesha manyuali. Mimi nilijifunzia Land Rover ya zamani ambayo gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na kilainishi cha kuingilia. Ulikanyaga klachi mara mbili na kukisia mwendo kwa masikio, ukikosea inasaga meno mpaka mbuzi wanakimbia. Nilijivuna sana kwa ujuzi ule. Lakini wenye majivuno haya ya manyuali ndio haohao ambao, wakifika mteremko wa Sekenke kule Singida, huitoa gia na kuliacha gari literemke lenyewe ili kuokoa nusu lita ya dizeli. Faida kubwa ya gia mteremkoni ni kuzuia gari kwa nguvu ya injini ili breki zisichemke. Wanaisifu gia, halafu pale hasa inapohitajika wanaitupa.

Mpwa wangu mmoja aliuza ng'ombe kumi na wanne, akaongeza fedha za pamba za msimu, akanunua gari dogo la otomatiki. Giaboksi yake ilikuwa ya namna ile isiyo na hatua, yenye mkanda wa chuma unaocheza kati ya puli mbili; hata Probox tangu mwaka 2014 zinatengenezwa hivyo. Oili yake ni ya peke yake. Fundi mmoja akamwekea haidroliki ya kawaida, iliyokuwa mezani kwake kwenye galoni lisilo na lebo, na mpwa wangu hakuuliza kwa sababu alikuwa akihadithia spidi ya gari njia ya Lamadi. Lami ile ya Bariadi hadi Lamadi, iliyozinduliwa Januari 2017, imewaingiza wengi katika kishawishi hicho. Baada ya miezi mitatu gari liliguna, likagoma kwenda mbele na nyuma. Kijiji kizima kikahitimisha kwamba giaboksi za siku hizi ni mbovu. Wawili kati ya ng'ombe wale walikuwa maksai wa plau. Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, mkewe na watoto walilima kwa jembe la mkono, gari likiwatazama.

Ndiyo maana sicheki ninaposikia mabishano ya kwa kinyozi. Kwetu gari halinunuliwi kwa mshahara uliozidi. Hununuliwa kwa zizi. Kijana anayelinunua kwa sifa ya jina la injini, bila kuuliza oili ilimwagwa lini na nani anashuhudia, anauza zizi la baba yake kwa uvumi. Nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama: tulifundisha injini ya michapo minne ubaoni, mwanafunzi akachora pistoni nzuri akapata alama zote, wala hakuna siku tuliyomfungulia boneti akachomoa kijiti cha oili akasoma.

Mimi mwenyewe sikukisoma. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya wilaya hii, wakati Bariadi ingali chini ya Mkoa wa Shinyanga. Tulikuwa na Land Rover ndefu ya petroli. Rejeta ilikuwa inavuja. Dereva wetu, mtu mzima kuliko mimi, aliniambia asubuhi, "Mwalimu Mkuu, leo tusiende." Mahindi ya wanafunzi yalikuwa yamekwisha, nami nilimjibu kwa maneno yaleyale ya kijana wa kwa kinyozi: Land Rover haifi. Kabla hatujafika mto Duma ilitoa mvuke, nikamwambia asukume kidogo tu tufike kwenye maji. Injini ikajikaza, ikakwama. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na miaka ile fedha za kigeni hazikuwapo. Tuliivuta kwa maksai hadi shuleni, tukaiweka juu ya mawe chini ya mkwaju.

Masika iliyofuata, mvulana wa darasa la sita alishikwa na homa kali usiku. Udongo wa mbuga ulikuwa umelowa, mweusi, unanata kama gundi. Land Rover ile ingepita kwa gia ndogo bila shida. Tulimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe, juu ya majani, tukatembea naye hadi alfajiri. Alipona. Usiku kucha nilishika taa upande mmoja wa mkokoteni, na dereva akatembea upande wa pili. Hakunikumbusha neno langu, nami sikuthubutu kumtazama.