Mbu wa mchana hangoji mvua

Ukiulizwa mbu huleta ugonjwa gani, utajibu malaria hata kabla swali kuisha. Anauma saa ngapi? Usiku. Hujakosea, ila umemtaja mbu mmoja tu. Kuna mwenzake, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayekuuma asubuhi ukivaa viatu na tena jioni ukitoka kazini. Wanasayansi humwita Aedes aegypti. Huyu ndiye anayesambaza homa ya dengi, chikungunya, Zika na homa ya manjano. Neti uliyotundika juu ya kitanda haimsumbui, kwa sababu yeye huja ukiwa macho.

Kabla ya kufika mtaani, baadhi ya virusi hivi vilikuwa vikizunguka msituni kati ya mbu na tumbili. Kirusi cha Zika kiligunduliwa mwaka 1947 katika damu ya tumbili aliyekuwa amewekwa na watafiti kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Chikungunya nayo ilipata jina kutoka kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanganyika baada ya mlipuko wa 1952 na 1953. Neno lenyewe linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Mbu mwenyewe pia asili yake ni msituni. Kule Rabai, Kaunti ya Kilifi, watafiti walikuta koo mbili za mbu huyu zikiishi karibu karibu. Mmoja mweusi zaidi, wa msituni, alipendelea kunyonya damu ya wanyama. Mwingine, wa rangi ya kahawia, alizaana kwenye mitungi ya maji ndani ya nyumba, na alivutiwa zaidi na harufu ya binadamu. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2020, uliopima mbu kutoka sehemu nyingi za Afrika, ulionyesha kwamba wanaopenda binadamu zaidi ni wale wa maeneo yenye kiangazi kirefu na kikali, pamoja na miji yenye msongamano wa watu. Sababu si ngumu kuelewa. Mvua ikikosekana, maji yaliyobaki ni yale uliyoyahifadhi wewe.

Kama unadhani hiyo ni nadharia ya maabara, uliza Lamu. Mwaka 2004 kisiwa hicho kilipigwa na chikungunya, na uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba watu watatu kati ya kila wanne walikuwa wameambukizwa. Haikuwa wakati wa mafuriko. Pwani ilikuwa na joto na ukame usio wa kawaida, na watu walikuwa wakikaa na maji yale yale nyumbani kwa muda mrefu. Kabla mwaka kuisha ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa, na mwaka uliofuata ukavuka bahari hadi visiwa vya Komoro na Réunion.

Sasa angalia ploti yenu. Mfereji unatoa maji siku mbili kwa wiki, pengine moja. Kila mlango una mapipa na mitungi ya lita 20. Juu ya paa kuna tanki ambalo kifuniko chake kilipeperushwa na upepo zamani. Hakuna aliyeamua kufuga mbu. Watu wanaweka maji kwa sababu kesho hayatakuja.

Ndiyo maana hatukubaliani na tabia ya kuwalaumu wakazi kwamba ni wachafu kila homa inapozuka. Pia hatukubali kudanganywa na moshi. Kupuliza dawa mtaani kunaua mbu anayeruka leo, lakini mayai yaliyogandishwa kwenye ukuta wa pipa hayajaguswa. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakipanda. Dawa ya kudumu ni maji ya mfereji kila siku, uzoaji taka unaofanya kazi, na wahudumu wa afya ya jamii wanaokagua mapipa kabla watu hawajaanza kuugua. Maji ni suala la afya, si la usafi tu.

Tukingoja hayo, kuna kazi iliyo mikononi mwako. Mara moja kwa wiki, mwaga maji yaliyobaki kwenye pipa na usugue kuta zake kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi kwa sababu mayai hung'ang'ania pale pembeni. Kwa nini kila wiki? Kwa sababu katika joto, yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa siku saba hadi kumi hivi. Funika kila chombo. Tairi kuukuu lililotupwa nyuma ya ploti litoe. Mwambie landilodi afunike tanki, na msimwambie mmoja mmoja, mwendeni kama wapangaji wote.

Na ukishikwa na homa kali, kichwa na viungo vikiuma, usikimbilie kemisti kununua chochote. Pimwa. Kama si malaria, muulize daktari kuhusu dengi. Hadi ijulikane, epuka aspirini na ibuprofeni kwani zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli ndiyo inayoshauriwa. Kumbuka pia dengi ina aina nne. Kupona moja hakukukingi na nyingine kwa muda mrefu, na ya pili inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza.

Wanasiasa wakija mtaani kuomba kura, watakuahidi hospitali. Hospitali ni nzuri. Lakini wewe waulize kwanza mfereji utatoa maji siku ngapi kwa wiki, na uandike jibu lao.