Uwanja wa Ndege Uliokuwa Majini

Siku utakapokuwa Kivukoni ukingoja pantoni la kwenda Kigamboni, yatazame vizuri maji yale ya bandari. Yalipata kuwa uwanja wa ndege.

Mwaka 1937 kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza kurusha ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban. Ndege hizo zilikuwa na tumbo mfano wa mashua, nazo zilitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Zilichukua magunia ya barua na abiria wasiozidi 24. Safari na nauli zilipangwa London. Mchukuzi wa bandarini na mchuuzi wa Kariakoo walibaki watazamaji tu.

Mwaka 1946 likaundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Tulipojitawala, likawa mali yetu pamoja na ndugu zetu wa Kenya na Uganda. Mwanzoni mwa mwaka 1977 likafa. Halikuuawa na dhoruba. Madeni yalilundikana, na wenye mali wakagombana juu ya nani alipe nini.

Machi mwaka huohuo Tanzania ikaunda shirika lake, ATC, lenye alama ya twiga. Nalo limeonja matamu na machungu: mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake ziliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini, mwaka 2006 Serikali ikazitwaa tena, na mwaka 2016 zikaletwa ndege mbili mpya ili lifufuke.

Tunajifunza nini? Kwamba shirika la ndege laweza kufa huku ndege zake zikiwa nzima, likauawa na hesabu za mezani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari hilo si la wakubwa peke yao. Lamhusu fundi anayetunza kipuri, karani anayeandika tiketi, hata sisi nyumbani tunaochanga fedha za cherehani moja kisha tukazozana nani ainunulie sindano.

Basi, Jumapili moja mchukue mwanao mwende Kivukoni. Mwonyeshe maji yale, umweleze kwamba babu zake walitazama ndege za wengine. Kisha umwambie kuwa zilizopo sasa ni zake, na kwamba chake mtu hukitunza.