Injini imekaa, mchoro uko wapi?

Na Athumani Mkwizu

Wasomaji wanaoulizia Land Rover yangu ya uwani wapate jibu: injini imekaa. Ile dizeli ya zamani ya Series III, yenye sentimita za ujazo 2,286, imeshatolewa. Mahali pake imeingia 3L ya Toyota, yenye 2,779, ileile tunayoijua kwenye Hilux na Hiace. Bado haijawashwa. Rejeta haijafungwa, egzosi haijachomelewa, waya wa stata unaning'inia. Lakini kazi ngumu imekwisha, na ndiyo inayonifanya niandike leo.

Wengi hudhani ugumu wa kubadili injini uko kwenye kuinyanyua. Kwa hilo boriti imara, cheni bloku na vijana wawili vinatosha. Ugumu uko pale injini ya Mjapani inapokutana na giaboksi ya Mwingereza. Matundu ya bolti hayalingani, na ncha ya shafti ya giaboksi haishikwi na krenki inavyotakiwa. Katikati lazima likae bamba la chuma, na bamba likikosewa gari zima limekosewa.

Fundi wangu, mzee aliyejifunzia kazi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alianza na karatasi ya gasketi. Aliilaza kwenye uso wa injini akaigonga kwa nyundo ndogo kwenye kingo za kila tundu, mpaka karatasi ikakatika kwa umbo la tundu lenyewe. Upande wa giaboksi akafanya vivyo hivyo. Akahamishia alama kwenye bamba, akatoboa. Mtu mwenye haraka angekaza bolti na kudai pesa yake. Yeye alifunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, akawa anaizungusha krenki kwa mkono, taratibu, huku mshale ukisoma ukingo wa tundu la kasha la klachi. Alitaka krenki na shafti ya giaboksi zizunguke kwenye mstari mmoja. Zikipishana hata robo ya milimita, beringi ya mbele ya giaboksi italia, klachi itasumbua, na mwenye gari ataambiwa giaboksi imekufa, anunue nyingine. Akasogeza bamba, akapima, akasogeza tena. Mshale ulipotulia ndipo akatoboa matundu ya pini za kulizuia lisihame. Kwa fundi wa kukereza kikachongwa kibushi cha shaba, cha kushika ncha ya shafti ndani ya krenki. Nilikaa pembeni nikitazama, na sijaona kazi ya akili safi kuliko ile.

Vipimo vya kazi kama hii kwa kawaida hukaa wapi? Kichwani mwa fundi. Land Rover za aina hii zimetapakaa nchini, kwenye mashamba na misheni, na zilizowekewa injini za Toyota si chache. Maana yake kuna mafundi wengine waliopima kitu hikihiki kwa jasho lilelile, na kijana atakayeipata kazi hii kesho ataanza tena na karatasi na nyundo. Huo ni upotevu mkubwa, na unaniuma.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini, na nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini cheti husema fulani anajua. Hakihifadhi kile anachokijua. Napendekeza hivi: fundi anapokwenda kupimwa, aje na kazi yake moja. Wanafunzi wa uchoraji wa ufundi waipime na kuichora, jina la fundi liandikwe kwenye mchoro, naye alipwe. Nasisitiza alipwe. Tunapenda kuwalaumu mafundi kwamba wanaficha ujuzi, lakini mimi siwalaumu hata kidogo: ujuzi ndio shamba lao, na hakuna mkulima anayegawa shamba bure.

Kwa wanaofikiria kazi hii, machache tu. 3L inapendwa na mafundi wa uwani kwa sababu pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kubembeleza. Taimingi belti ibadilishwe injini ikiwa bado chini, hata muuzaji aape kwamba ni mpya. Altaneta ya Toyota msiitupe: nyuma yake kuna pampu ya vakyumu inayohitajiwa na sevo ya breki. Na breki zenyewe zikaguliwe kabla ya kufurahia nguvu mpya, maana dramu za gari hili zilitengenezewa mwendo wa pole. Risiti ya injini itunzwe. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo taarifa za kadi lazima zibadilishwe TRA, na asiye na risiti atapata shida kueleza injini imetoka wapi.

Bamba letu, kabla halijafungwa, lilipimwa na kuchorwa na kijana wa jirani anayesoma ufundi. Kwenye mchoro kila tundu lina kipimo chake, unene umeandikwa, na jina la mzee liko chini kwenye kona ya kulia. Nilipomuuliza mzee kama chuo cha ufundi kinaweza kupewa nakala, alisema kinaweza, akataja bei yake. Ni bei ya haki, na nitakipa namba yake ya simu chuo chochote kitakachokuja kuniuliza.