Barafu ni ya wote, fedha ni ya mwenye gati

Kila majira ya joto meli kubwa za watalii hupita kusini-mashariki mwa Alaska, Marekani, abiria wakitazama mito ya barafu ikimeguka na kuanguka baharini. Katika Glacier Bay hawashuki. Wanakula na kulala melini, na muuza duka wa nchi kavu haambulii kitu.

Watlingit wa Hoonah, mji mdogo ulio jirani, walilishtukia hilo. Kampuni yao, Huna Totem, ilikarabati kiwanda cha samaki cha mwaka 1912, na tangu 2004 inapokea meli hapo. Kituo ni chao, matembezi wanauza wao. Kwingineko, kama Ketchikan, maduka mengi ya vito karibu na bandari ni ya wageni, ambao meli zikiisha hufunga na kuondoka, fedha mfukoni.

Lakini wingi nao una adha zake. Juneau, yenye wakazi wapatao 32,000, ilipokea abiria zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2023. Tangu 2024 meli kubwa hazitakiwi kuzidi tano kwa siku. Hoonah haifikishi watu 1,000, na sasa ina magati mawili. Kikomo chake ipange yenyewe, mapema, kabla wenye meli hawajaipangia.